Alama za Mtihani na Mwalimu wa Darasa la Awali: Hoja Dhidi ya Udahili kwa Tahasusi

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa nchini Tanzania, mwombaji wa shahada ya ualimu wa elimu ya awali huulizwa swali lilelile analoulizwa mwombaji wa sheria au uchumi: ulipata nini kidato cha sita? Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Mwenye ufaulu mkuu katika masomo mawili, zile ambazo wanafunzi huziita prinsipo mbili, akifikisha jumla ya pointi 4, mlango uko wazi kwake, mradi masomo yenyewe, yaani tahasusi yake, yawe yale chuo kinayoyataka. Anayepitia stashahada ya ualimu hudaiwa wastani wa B, juu ya ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Hakuna mahali katika hesabu hii panapouliza kama mwombaji amewahi kukaa na watoto wa miaka minne kwa saa mbili bila kuwapigia kelele. Historia na Jiografia vinaulizwa. Kinachotafutwa ni mwalimu atakayemfundisha mtoto kushika penseli, kusubiri zamu yake, na kusimulia alichokiona njiani kwa sentensi inayofika mwisho. Makala haya yanadai kwamba alama za mtihani zinafaa kuwa kizingiti cha kuingilia katika fani hii, lakini hazifai kuwa mizani ya kuchagulia, na kwamba ukali tunaouweka mlangoni ungefaa zaidi kuwekwa mwishoni mwa mafunzo.

Hoja inayotawala mijadala yetu ni ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Inasema kwamba ualimu wa ngazi za chini umekuwa kimbilio la waliokosa pengine, na kwamba dawa yake ni kupandisha alama za kuingilia. Kwa hoja hiyo astashahada ya ualimu ilifungwa kwa wenye daraja la nne, ikabaki kwa waliopata daraja la kwanza hadi la tatu katika mtihani wa kidato cha nne. Nyuma yake iko kumbukumbu chungu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipokimbilia elimu ya msingi kwa wote, makumi ya maelfu ya wahitimu wa darasa la saba walifanywa walimu kwa mafunzo yaliyofanyika huku wakiwa kazini. Miaka 30 baadaye, upanuzi mwingine wa shule ulizaa walimu wa kozi fupi ambao mitaani waliitwa "vodafasta". Jina hilo la kejeli lilibebwa na watu waliofanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo. Hata hivyo linaeleza kwa nini Mtanzania msomi akisikia neno "kulegeza sifa" hushtuka. Mshtuko huo nauheshimu. Ninachokipinga ni tafsiri yake, kwa sababu kilichoharibika katika majaribio yote mawili hakikuwa alama peke yake. Mwalimu aliingizwa kwa haraka, akafundishwa kwa haraka, kisha akaachwa peke yake na darasa kubwa. Mambo matatu yalilegezwa pamoja, na sisi tumechagua kulilaumu la kwanza tu, labda kwa kuwa ndilo rahisi kulirekebisha kwa waraka.

Katika maandishi ya kitaaluma, makubaliano ni mapana juu ya jambo moja: ubora wa mahusiano kati ya mwalimu na mtoto ndio unaobeba matokeo ya elimu ya awali. Mabishano yanaanza pale inapoulizwa ubora huo unatoka wapi. Nchini Marekani, ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti iliyohaririwa na Bowman, Donovan na Burns mwaka 2001 ilipendekeza kila kundi la watoto liwe na mwalimu mwenye shahada. Miaka 6 baadaye Diane Early na wenzake walikusanya data za tafiti saba kubwa za nchi hiyohiyo, wakauliza kama shahada ya mwalimu inatabiri ubora wa darasa na maendeleo ya watoto. Hawakupata uhusiano wa kuaminika, na pale ulipojitokeza ulikuwa wa kupingana. Uchambuzi wa jumla wa Manning na wenzake wa mwaka 2017 ukarudi upande wa kwanza, ukionyesha kwamba sifa za juu za mwalimu zinaendana na mazingira bora ya kujifunzia. Wasomi wetu hunukuu upande unaowafaa. Lakini pande zote zinapima alichomaliza nacho mwalimu, yaani cheti, stashahada au shahada. Alama alizoingia nazo chuoni si swali lao. Kwa hiyo anayeitumia ripoti ya mwaka 2001, au ya mwaka 2017, kutetea kupandishwa kwa pointi za kidato cha sita anachukua ushahidi wa mlango wa kutokea na kuubandika kwenye mlango wa kuingilia. Kosa hili limeenea mno, nami naona ndilo linalopotosha sera kuliko upungufu wowote wa fedha.

Ushahidi uliopo karibu nasi kuliko huo wa ng'ambo ni wa pwani yetu wenyewe, na inashangaza jinsi unavyotajwa kwa nadra katika mjadala wa udahili. Katika miaka ya 1980, viongozi wa jamii za Kiislamu mjini Mombasa waliona watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, wakataka shule za awali zisizomtenga mtoto na dini na utamaduni wa kwao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kazi ilianzishwa na Bi Swafiya Said, mwalimu mwenyeji aliyezunguka misikitini na mitaani kuwashawishi wazazi kwamba chuo cha Qurani kinaweza pia kuwa mahali pa kuchezea, kuhesabia na kusimulia hadithi. Mpango huo, uliojulikana kama mpango wa madrasa, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, wengi wao wenye elimu fupi ya shule. Hawakupelekwa bwenini kwa miaka miwili na kurudishwa na cheti. Mkufunzi aliwafuata darasani, akakaa kwenye mkeka pamoja nao, akaonyesha, akatazama, akasahihisha, kisha akarudi tena. Vifaa vilitengenezwa kwa vifuu, makuti, mbegu, vitambaa na vizibo vya chupa. Kwa lugha ya leo tungesema mafunzo yote yalikuwa mazoezi ya kufundisha.

Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliuchunguza mpango huu na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Walifuatilia watoto 423 katika nchi tatu, Kenya, Uganda na eneo la Zanzibar kwa upande wa Tanzania, wakiwa katika makundi matatu: waliosoma shule za awali za mpango wa madrasa, waliosoma shule nyingine za awali, na waliobaki nyumbani. Walitumia majaribio ya uwezo wa kufikiri yaliyorekebishwa yaendane na umri na mazingira, wakapima mwanzo na mwisho. Waliopata shule ya awali ya aina yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani, jambo ambalo halimshangazi mtu. Linalopaswa kutukalisha kitako ni la pili: watoto wa madrasa waliwazidi pia wenzao wa shule nyingine za awali, na kwa tofauti yenye uzito wa kitakwimu. Utafiti wa watafiti haohao uliochapishwa mwaka 2011 uliendelea kuona faida hiyo. Sasa tuweke matokeo haya kando ya fomu ya udahili. Wanawake waliozalisha tofauti hiyo, wengi wao, wasingeweza hata kuanza kuijaza fomu. Nambari ya mtihani ya kidato cha sita hawana, na mfumo wa maombi unapoikosa nambari hiyo hauna la kuwauliza zaidi.

Mkosoaji makini atasema kwamba utafiti huo si wa kubahatisha makundi, na kwamba mpango wa madrasa ulileta vitu vingi kwa pamoja: kamati za wazazi, vifaa, usimamizi, imani ya jamii. Atauliza nitajuaje kwamba ni mwalimu na si mkeka. Siwezi kuvitenganisha, na data yenyewe haikukusanywa kwa ajili hiyo. Lakini hoja yangu haihitaji kuvitenganisha. Sidai kwamba elimu fupi humfanya mwalimu kuwa bora. Nadai kwamba elimu fupi ya kuanzia haikuzuia ubora pale ambapo mwalimu alichaguliwa na watu waliomfahamu, akasimamiwa kwa karibu akiwa kazini. Kama alama za kuingilia zingekuwa na nguvu tunayozipa, matokeo ya mwaka 2008 yangetoka kinyume, au angalau sawa.

Linafuata suala la lugha, ambalo kwa nchi yetu lina uzito kuliko linavyopewa. Mtihani wa kidato cha sita, ukitoa somo la Kiswahili na machache mengine, hufanywa kwa Kiingereza. Darasa la awali la shule ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na katika sehemu kubwa ya vijiji mtoto anafika na Kisukuma, Kiha au Kimakonde kinywani, na Kiswahili cha kuokoteza. Mwalimu anayefaa hapo ni yule anayeweza kuvuka kutoka lugha ya nyumbani kwenda ya shuleni bila kumnyamazisha mtoto. Tunamchagua kwa insha ya Kiingereza kuhusu mapinduzi ya viwanda Ulaya. Mwombaji aliyelelewa Meatu na anayezijua hadithi za bibi kwa lugha mbili hapati pointi hata moja kwa hilo, ilhali ndicho kitendea kazi chake cha kwanza.

Uingereza imelipitia jambo hili kwa namna inayofundisha. Baada ya tathmini ya Cathy Nutbrown ya mwaka 2012, serikali iliamua kwamba anayesomea sifa ya mlezi-mwalimu wa watoto wadogo awe na alama ya C katika Kiingereza na Hisabati za mtihani wa sekondari. Sharti hilo halikuweza kukaa mlangoni. Likasogezwa liwe la kumalizia, ili asiyefaulu ajaribu tena akiwa masomoni. Hata hapo waajiri wakalalamika kwamba waombaji wanakauka, na kuanzia Aprili 2017 sifa nyingine za stadi za lugha na hesabu za ngazi hiyohiyo zikakubaliwa badala ya mtihani ule mmoja. Nchi hiyo ina fedha, ina shule zenye vitabu, na bado iliona kwamba sharti la kuingilia linawafukuza watu iliowahitaji.

Sisi tunawahitaji zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu msingi ya lazima, na ada zilipoondolewa kuanzia Januari 2016, wanafunzi wa awali waliongezeka kutoka milioni 1 na kidogo hadi zaidi ya milioni 1.5 ndani ya mwaka mmoja. Kiwango rasmi ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na kila anayepita shule za vijijini anajua jinsi darasa lilivyo mbali na kiwango hicho. Shahada ya elimu ya awali haitaziba pengo hilo peke yake, kwa kuwa wahitimu wake ni wachache. Kazi yake ni kutoa wakufunzi, wathibiti ubora na walimu viongozi watakaowafundisha wengine. Ndiyo sababu nani anaingia ni swali zito. Mkufunzi ambaye hajawahi kulimudu darasa la watoto wadogo atazalisha walimu wa nadharia kwa miaka 30.

Pingamizi kubwa kuliko yote si la kitaaluma bali la haki. Nambari ya mtahiniwa haina ukoo. Mtoto wa mvuvi wa Kilwa na mtoto wa mkurugenzi husahihishwa na msahihishaji asiyewajua, na mbele ya kamati ya usaili ulinzi huo hupotea. Kujuana kutaingia, na bahasha pia. Pingamizi hili nalikubali kiasi cha kubadilisha pendekezo langu. Kizingiti kibaki: ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, Kiswahili na Hisabati zikiwamo, pamoja na uthibitisho kwamba mwombaji anaweza kusoma na kuandika kitaaluma, ama kwa prinsipo, ama kwa stashahada, ama kwa kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ambayo TCU tayari inaitambua kwa wastani wa 3.0. Juu ya kizingiti hicho pointi zisihesabiwe tena. Waliokivuka wapangwe kwa kazi inayoonekana: dakika 20 za kusimulia hadithi na kuongoza mchezo katika darasa halisi, zirekodiwe kwa video, zipimwe na watu wawili wa taasisi mbili tofauti wasiojua jina la mwombaji wala chuo anachoomba. Mwalimu aliyeko kazini aongeze taarifa za mthibiti ubora wa shule za miaka mitatu. Video inaweza kukaguliwa upya na anayelalamika. Usaili wa mdomo hauwezi.

Gharama yake si ndogo, lakini idadi ya waombaji wa fani hii inaruhusu. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 waombaji wanapeleka maombi vyuoni moja kwa moja badala ya kupangwa na mfumo wa pamoja ulioanza mwaka 2010. Uhuru huo vyuo vimeutumia kufanya hesabu ileile ya pointi kwenye mifumo yao wenyewe. Chuo kimoja, Dar es Salaam au Dodoma ambako shahada hii inafundishwa, kingeweza kutenga nusu ya nafasi za mwaka mmoja kwa utaratibu ninaoueleza na kuacha nusu nyingine kama ilivyo, kisha kuwalinganisha wanafunzi wa makundi yote mawili katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka wa pili na katika alama za darasani. Ikiwa waliochaguliwa kwa pointi watafanya vizuri zaidi mbele ya watoto, dai la makala haya litakuwa limeanguka, na tahasusi zirudi mahali pake.