Mabao Matatu, Hat-triki Ngapi?

Maji yakitoka, Shelly Beach hugeuka uwanja. Barobaro wa Likoni kafunga la tatu, wenzake wakashangilia hat-triki. Mzee mmoja aliyekaa pembeni akakataa: “Si hat-triki hiyo, mwanangu. Wapinzani walifunga katikati.” Hoja yake ilinikaa, nikaanza kuifuata nyuma. Sharti hilo la mfululizo lilianzia wapi?

Kumbukumbu zilinipeleka kwenye kriketi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1858, mjini Sheffield, H. H. Stephenson aliangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo, watu wakachanga fedha, akanunuliwa kofia. Ni kisa kitamu, nami visa vitamu huvipima mara mbili. Neno lenyewe linaonekana katika gazeti la Kiingereza la 1865, miaka saba baadaye. Kofia ndiyo iliyozaa jina, au jina ndilo lililotafutiwa kofia?

Lililo wazi ni kwamba kwenye kriketi mfululizo hauna mjadala. Wakenya tuliuonja Durban, 15 Machi 2003, Kombe la Dunia lile tulilofika nusu fainali. Brett Lee wa Australia aliwatoa Kennedy Otieno, Brijal Patel na David Obuya kwa mipira mitatu iliyofuatana. Mpira mmoja ukipita bila wiketi, hesabu inaanza upya. Mbona kandanda ililichukua neno, ikaliacha sharti?

Nikazifungua sheria 17 za soka. Njia ikaziba: bao limeelezwa, hat-triki haimo. Inaishi kwa mazoea tu, na mazoea hutofautiana. Wajerumani hutaka mabao matatu katika kipindi kimoja, bila la mtu mwingine kuingia kati. Basi Abdallah Kibadeni je, aliyefunga matatu Simba ilipoichapa Yanga 6-0 tarehe 19 Julai 1977, mengine yakiingia katikati ya yake?

Kwangu mimi, hiyo ni hat-triki kamili. Soka huhesabu mabao ya mtu, haihesabu zamu. Shaka kubwa iko kwa mwandishi wa matokeo. Bert Patenaude wa Marekani alifunga matatu dhidi ya Paraguay, 17 Julai 1930, lakini moja likaandikiwa mwingine katika baadhi ya kumbukumbu. Heshima ya hat-triki ya kwanza ya Kombe la Dunia ikaenda kwa Guillermo Stábile wa Argentina, aliyefunga yake siku mbili baadaye. FIFA ilimrudishia Patenaude haki yake mwaka 2006. Na katika madaftari ya ligi zetu za Pwani, ni mabao mangapi yameandikwa kwa jina lisilo lake?