Thomas Mapfumo: Mwimbaji wa Ukombozi Aliyewageukia Wakombozi

Historia ya muziki wa dansi barani Afrika aghalabu huandikwa kwa majina ya bendi na mitindo, na husahaulika kwamba ukumbi wa dansi ulikuwa mahali ambapo watawaliwa waliweza kukusanyika bila kuitisha mkutano wa siasa. Thomas Mapfumo wa Zimbabwe aliufahamu ukweli huo, na tawala mbili zilizofuatana zilimtoza gharama yake.

Alizaliwa mwaka 1945 katika Rhodesia ya Kusini, na kama vijana wengi wa rika lake alianza kwa kuiga nyimbo za Uingereza na Marekani. Mageuzi yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa katika Hallelujah Chicken Run Band, bendi iliyowatumbuiza wafanyakazi wa mgodi wa shaba wa Mangura. Yeye na wenzake walichukua midundo ya mbira, ala ya vyuma vinavyochezwa kwa vidole, jamaa ya ilimba ya Wagogo wetu, wakaihamishia kwenye gitaa. Mpigaji alizibana nyuzi kwa kiganja ili zitoe mlio mfupi na mkavu. Matoazi ya dramu yalichukua nafasi ya manyanga.

Kwa sikio la mlowezi, hiyo ilikuwa dansi tu. Mshona aliyeisikia alikumbuka bira, kesha la kuwaita wahenga, na pengine alimkumbuka Nehanda, mwanamke aliyenenewa na mzimu, ambaye Waingereza walimnyonga mwaka 1898 baada ya vita vya 1896 na 1897. Vita hivyo viliitwa Chimurenga, na ndilo jina ambalo Mapfumo aliupa muziki wake. Maneno yake yalijaa methali na vilio vya wazazi wa vijijini. Mkaguzi wa serikali alihitaji mkalimani ili ayaelewe, na hata tafsiri sahihi isingeonyesha kosa la wazi. Ndiyo maana, naamini, Rhodesia ilimweka kizuizini takriban miezi mitatu bila kumfungulia mashtaka. Sahani zake zilipigwa marufuku redioni, lakini ziliendelea kusikika kutoka ng'ambo ya mpaka, Msumbiji.

Mwaka 1979 alitumbuiza katika mkutano wa Askofu Muzorewa, na wapo waliomshuku kwa sababu hiyo. Shutuma hiyo ni rahisi mno kutoka kwa watu ambao hawakuonja kizuizi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1980 aliwaimbia washindi kwa furaha. Hapo ndipo wasanii wengi wa ukombozi, kwetu pia, waligeuka wapambe wa majukwaa ya chama, na kwa miaka kadhaa Mapfumo naye alionekana kuelekea huko. Kisha ikaja kashfa ya Willowgate: mawaziri na vigogo walijipatia magari ya kiwanda cha Willowvale kwa bei rasmi, wakayauza kwa faida kubwa wakati raia wa kawaida hawakuyapata. Tume ya Jaji Sandura ilichunguza suala hilo mwaka 1989. Katika kipindi hichohicho Mapfumo alitoa albamu yenye jina lisilohitaji mkalimani: Corruption. Fumbo lilimfaa aliyetawaliwa na mgeni. Kwa mtawala anayejua Kishona, aliamua kusema waziwazi.

Tawala hizo mbili zilitofautiana kwa mbinu. Smith alipiga marufuku na kufunga. Serikali ya Mugabe haikuhitaji amri ya maandishi: mwishoni mwa miaka ya 1990, alipoimba kuhusu nchi kuporomoka, nyimbo hizo ziliacha tu kupigwa kwenye redio ya taifa. Mtumishi wa umma anayesoma hapa anaujua utaratibu huo, ambapo hakuna aliyeagiza na wote wametii. Takriban mwaka 2000 Mapfumo alihamia Oregon, Marekani. Mwaka 2001 sheria ya utangazaji ilidai asilimia 75 ya vipindi viwe vya nyumbani, na redio ikajaa nyimbo za kusifu utwaaji wa mashamba, ambao serikali iliuita Chimurenga ya Tatu. Neno lake lilikuwa hewani kila siku. Mwenyewe alikuwa uhamishoni.

Alirudi Harare kutumbuiza Aprili 2018, miezi mitano baada ya jeshi kumwondoa Mugabe, akiwa na umri wa miaka 72. Chama tawala kilikuwa kilekile.