Mokruaze ya gazeti: namna ya kuomba msaada ukapata neno linaloenea

BUNIA – Huku kwetu Ngezi, gazeti la kila siku halifiki kila siku. Linachapwa Kinshasa ao Kampala, linasafiri mkononi mwa mtu, na likifika Bunia limekwisha kusomwa na watu watano. Ukurasa wa michezo ya akili mara nyingi unafika peke yake, umefungia karanga. Na shida inaanza hapo: majibu ya fumbo hutolewa katika gazeti la kesho yake, na hilo la kesho yake hatutaliona.

Kwa hiyo mtu wa Ngezi anayejaza mokruaze hana pa kuchungulia. Anauliza watu. Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule anayeulizwa pia, maana wengi wanasaidia vibaya.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mokruaze, kwa Kifaransa mots croisés, ndiyo ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita fumbo la maneno ao chemshabongo. Ni mraba wenye visanduku vyeupe na vyeusi. Kisanduku cheupe kinabeba herufi moja tu. Kuna maneno yanayolala na mengine yanayosimama, na pale yanapokutana yanagawana herufi. Pembeni kuna vidokezo.

Ya kwanza inayojulikana ilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Ilitoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na haikuwa mraba, ilikuwa na umbo la almasi. Kufikia mwaka 1924 Marekani ilikuwa imeshikwa na homa ya mchezo huo. Kitabu cha kwanza cha mokruaze kiliuzwa mwaka huo kikiwa na kreyo yake imefungwa pamoja. Kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio ikaweka kamusi ndani ya treni ili wasafiri wapate pa kutafutia maneno. Ni kusema kwamba kuomba msaada si uvivu ulioletwa na simu. Kumezaliwa pamoja na mchezo wenyewe.

Sasa, namna ya kuuliza. Kosa kubwa ni hili: mtu anafika kwa mwalimu na kusema, “Mwalimu, mto wa Afrika?” Mwalimu anajibu “Congo” na kuendelea na kazi yake. Kijana anaandika kwa biki, na baada ya dakika kumi maneno matatu yanayokatiza hapo yameharibika. Angalia: Congo ina herufi tano. Ituri nayo tano. Niger tano. Hata Shari yetu hapa Bunia ni tano. Kumbe angeuliza hivi:

– Samahani mwalimu, natafuta neno la Kifaransa, mto wa Afrika, herufi tano, ya tatu ni U.

– Jaribu Ituri, mwanangu.

Mambo manne, basi: lugha, maneno ya kidokezo kama yalivyoandikwa, hesabu ya visanduku, na herufi ulizo nazo pamoja na nafasi zake. Usifupishe kidokezo. Kama kimeandikwa kwa Kifaransa, kisome kwa Kifaransa hata kama unaona haya matamshi yako, kwa sababu ukikitafsiri unaweza kupoteza ufunguo. “Voler” ni kuruka angani, na ni kuiba pia. Ukimwambia dada yako “kuiba”, hataweza kamwe kufikia “planer”.

Ongeza la tano kama gazeti ni la zamani: tarehe. “Jirani ya Uganda”, herufi tano, inaweza kuwa Congo, inaweza kuwa Kenya, na kama karatasi ilichapwa kati ya 1971 na 1997, inaweza kuwa Zaïre.

Mokruaze ya Kifaransa ina desturi zake, na nyingi hazielezwi popote gazetini. Alama za juu ya herufi hazihesabiwi: “été” inaandikwa ETE. Vistari vinaondoka pia, kwa hiyo “arc-en-ciel” inakaa katika visanduku tisa. Mstari mmoja unaweza kuwa na maneno mawili ao matatu yaliyotengwa na kisanduku cheusi, na vidokezo vyake vinafuatana kwenye mstari uleule, kila kimoja kimemalizwa na nukta. Waliozoea magazeti ya Kiingereza ya Uganda, ambamo kila neno lina namba yake, wanapotea hapo.

Jibu linavaa nguo za kidokezo. Kidokezo kikiwa katika wingi, kisanduku cha mwisho mara nyingi ni S. Kikiwa kitenzi kisichonyambuliwa, tazamia ER, IR, RE ao OIR mwishoni. Unaweza kuandika herufi hizo kwa wepesi kabla hujajua neno lenyewe.

Halafu kuna ujanja. “Cœur de lion”, herufi mbili: usitafute mfalme wa Uingereza. Moyo wa neno “lion” ni IO. “Note renversée” ni noti ya muziki iliyogeuzwa, RE inakuwa ER. Kwa mtindo huo, “cœur de Bunia” ingekuwa N, ao UNI. Maneno mafupi kama hayo yanarudi kila wiki, na anayeyajua anafungua nusu ya mraba: Râ, mungu jua wa Misri ya kale, Ur, mji wa kale wa Mesopotamia, Na, alama ya sodiamu, Nil, Uélé, mto wa jirani zetu wa kaskazini. Na dhahabu, ambayo sisi wa Ituri tunadhani tunaijua! Chuma cha thamani ni OR, lakini alama yake katika kemia ni AU. Zote herufi mbili.

Kwa Kiswahili mambo yanageuka. Kifaransa kinakusaidia kwa mkia wa neno, Kiswahili kinakusaidia kwa kichwa: wingi unaanza na WA, MI, MA ao VI, na kitenzi kinaanza na KU. Tena karibu kila neno letu linaishia kwa vokali, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kina chaguo tano tu. Lakini kuna mtego kwa sisi wa Bunia. Tunasema mutu, mutoto, muzee. Mraba unataka mtu, mtoto, mzee, na neno linazidi kwa kisanduku kimoja. Nimeona watu wakilaumu gazeti bure kwa sababu hiyo.

Nani aulizwe? Si lazima awe msomi. Fundi wa motokari anajua “bielle” na “came” kuliko profesa. Katekista atakuambia kwamba Éli ni kuhani aliyemlea Samweli, na Élie ni nabii. Visanduku vitatu kwa mmoja, vinne kwa mwingine. Kamusi ya Larousse iko na majina ya watu na miji katika sehemu yake ya nyuma. Biblioteki zipo mjini, kama ile ya Université Shalom de Bunia. Uliza kwanza masharti ya kuingia.

Kama uko na simu na mega kidogo, zipo tovuti ambazo unaandika herufi unazozijua na kuweka alama ya kuuliza mahali pa zile usizozijua, nazo zinatoa orodha ya maneno. Zile programu za kuzungumza nazo zinajibu haraka, ila zinaweza kukosea hesabu ya herufi. Hesabu kwa vidole kabla ya kuandika.

Neno moja kwa wasaidizi. Najua watu wazima hapa mtaani walioacha masomo katika vita vya 1999 hadi 2003. Kifaransa kwao ni lugha ya ofisi, ya kuogopwa. Kumuuliza mtu “hii ina maana gani?” ni aibu, kumuuliza “herufi sita, inaanza na P” ni mchezo, na wanauliza. Ukimnyang'anya mtu kama huyo kreyo na kumjazia mistari mitatu, hatarudi. Mpe herufi moja, ao mpe neno lenye maana ya karibu, halafu ngoja.

Na karatasi ikichanika palepale penye kidokezo, kama ilivyo hii iliyo mezani kwangu yenye doa la mafuta ya karanga, jaza yote yanayokatiza neno hilo. Mimi nimebaki na E, kisanduku kitupu, E. Inaweza kuwa ÉTÉ, inaweza kuwa ÈRE. Neno la kusimama linalopita hapo katikati ndilo litakaloamua, nalo bado sijalipata.