Moto wa Kiangazi na Kanuni za Wenyeji katika Nchi ya Miombo

Watawala wa kikoloni wa Afrika ya Kati waliandika sheria juu ya mambo mengi, lakini ni machache yaliyozikaidi sheria hizo kama moto wa nyika. Mvua zinapokoma mwezi wa Aprili, nyasi ndefu za nchi ya miombo huanza kukauka. Kufikia Agosti na Septemba zimekuwa kavu kabisa, upepo umeanza kuvuma, na cheche moja ya mwinda asali au ya mkulima anayesafisha shamba hutosha kuteketeza mlima mzima. Nchi hiyo ni moja ingawa mipaka ya dola imeigawa: tangu kusini ya Katanga, kupitia Zambia, hadi vilima vya Babati kaskazini ya Tanzania, miti ni ya jamii zile zile na kiangazi ni kile kile. Kwa hiyo anayeuliza ni kanuni za namna gani zilizowahi kuuzuia moto katika eneo lililohifadhiwa hawezi kupata jibu kwa kutazama upande mmoja tu wa mpaka.

Katika Kongo, swali hilo lilianza na mbuga za taifa. Mbuga ya kwanza, ile iliyoitwa Albert, iliundwa mwaka 1925. Taasisi ya Mbuga za Taifa za Kongo ya Kibelgiji ikafuata mwaka 1934, chini ya uongozi wa Victor van Straelen. Na tarehe 15 Mei 1939 ikaundwa mbuga ya Upemba, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 17,700, ambalo baadaye lilipunguzwa. Fikra iliyotawala ilikuwa ile ya hifadhi kamili. Mkataba wa London wa mwaka 1933 ulikuwa umeieleza hifadhi ya namna hiyo kuwa mahali ambapo kila tendo linaloweza kudhuru au kusumbua wanyama na mimea limekatazwa. Mwanadamu aondolewe, asiguse kitu, na maumbile yajirudie yenyewe. Jean-Paul Harroy, aliyekuwa katibu wa Taasisi hiyo kabla ya kuwa gavana wa Ruanda-Urundi, alichapisha mwaka 1944 kitabu chake juu ya Afrika kama ardhi inayokufa, na ndani yake moto wa nyika unahesabiwa miongoni mwa wauaji wa udongo.

Fikra hiyo ilikuwa na uzito wake, wala haifai kuidharau. Wataalamu wa mimea walikuwa wameona kwa macho yao misitu ikigeuka kuwa nyasi. Lakini katazo kamili lilikuwa na kasoro moja ambayo haikutokana na uvivu wa walinzi, bali na nyasi zenyewe. Nyasi zisizochomwa mwaka huu hazipotei. Hubaki zimesimama, zikaongezewa za mwaka unaofuata, na moto ukija hatimaye, nao huja, huwa mkubwa kuliko ule uliozuiwa. Katika nyanda za juu za Kibara, ambako pundamilia wa mwisho wa Kongo wanaishi hadi leo, hakuna ukuta wala mto wa kusimamisha moto unaotoka nje ya mipaka. Wenyeji walikuwa wamepoteza haki ya kuwinda na ya kuchoma ndani ya mbuga. Pamoja na haki hizo walipoteza pia kila sababu ya kukimbilia moshi walipouona. Kanuni ilibaki na mlinzi mmoja tu, naye ni yule aliyelipwa na serikali.

Upande wa pili wa mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, katazo lilikuwa limekwisha kujaribiwa mapema zaidi, na kuanguka haraka zaidi. Wabemba walilima kwa desturi inayoitwa citemene: matawi ya miti hukatwa, hukusanywa katikati ya shamba, hukaushwa, kisha huchomwa mwisho wa kiangazi ili majivu yarutubishe ulezi. Mnamo 1906 utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini ulianza kupiga marufuku vibanda vya mashambani vilivyoitwa mitanda, na baada yake kilimo chenyewe. Njaa na manung'uniko vikafuata, na kufikia 1909 marufuku hayo yalikuwa yamelegezwa. Kilichosahauliwa na watawala ni kwamba moto wa citemene haukuwa moto wa kila mtu na wa kila siku. Audrey Richards, aliyeishi kwa Wabemba katika miaka ya 1930 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1939, ameeleza jinsi uchomaji ulivyokuwa miongoni mwa kazi za mwaka zilizofungamana na ibada na mamlaka ya wakuu. Moto ulikuwa na wakati wake na mwenye kuuruhusu. Kanuni ilikuwapo tayari, ila haikuwa imeandikwa.

Jambo ambalo wakuu hao walilijua kwa mazoea lilikuja kupimwa kwa viwanja. Mnamo 1933 mtaalamu wa mimea Colin Trapnell alianzisha jaribio karibu na Ndola, mji ambao hauko mbali na mpaka wa Katanga. Msitu wa miombo uligawanywa katika sehemu tatu: moja ichomwe kila mwaka mapema, kiangazi kinapoanza, ya pili ichomwe kila mwaka kwa kuchelewa, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ya tatu isiguswe na moto hata kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1959, yaani baada ya robo karne ya subira. Penye moto wa kuchelewa, msitu ulikuwa umevunjika: miti mikubwa ya miombo, ambayo kumbe ni dhaifu mbele ya moto, ilikufa bila kuacha warithi, nyasi zikatawala, na ikabaki miti michache mivumilivu kama mninga. Penye moto wa mapema msitu uliendelea kuwa msitu, na machipukizi yalipata nafasi ya kukua. Pasipoguswa na moto palifunga, pakaota vichaka na miti isiyopukutisha majani.

Tofauti kati ya kiwanja cha kwanza na cha pili haikuwa moto, kwa kuwa vyote viwili vilichomwa kila mwaka. Ilikuwa ni miezi michache. Mwezi wa Mei au Juni nyasi bado zina unyevu, moto hutambaa chini, huruka mabonde, na mara nyingi hufa wenyewe usiku umande unaposhuka. Mwezi wa Septemba moto huo huo hupanda hadi kwenye matawi. Mtu anaweza kusema kwamba kiwanja cha tatu ndicho kilichofaulu kuliko vyote, na kwa kuhesabu miti atakuwa amesema kweli. Lakini kiwanja cha jaribio huzungushiwa njia ya kuzuia moto na kulindwa na watu. Kufanya hivyo kwa mbuga ya maelfu ya kilomita za mraba ni jambo jingine.

Mfano wa kanuni inayofuata elimu hiyo bila kuitaja unapatikana katika eneo la Kopa, ambalo wakati wa utafiti lilikuwa katika wilaya ya Mpika, kaskazini ya Zambia, kwa Wabisa. Huko watafiti Mbata, Chidumayo na Lwatula walieleza mwaka 2002 jinsi desturi inavyosimamia uvunaji wa viwavi vya kuliwa, hasa vile viitwavyo chipumi na mumpa. Wenyeji hukagua msitu waone mayai ya nondo na hali ya viwavi. Huikinga miti ambayo viwavi hula, pamoja na mayai hayo, dhidi ya moto wa kuchelewa. Na uvunaji una majira yake yaliyowekwa, huku kukiwa na ibada zinazouongoza. Kwa mtu wa Lubumbashi, ambaye huona viwavi vilivyokaushwa vikiuzwa sokoni, desturi hiyo haihitaji maelezo marefu. La kuangaliwa ni kwamba mtu akiuliza huko juu ya kanuni ya moto, huenda asiipate kwa jina hilo. Imo ndani ya kanuni ya chakula. Anayechoma kwa kuchelewa hakosi dhidi ya serikali tu. Anawanyang'anya majirani zake kitoweo na fedha za msimu, nao watamtafuta kabla ya mlinzi yeyote kufika.

Kanuni za kimila hata hivyo zina udhaifu wao. Hutegemea heshima ya mkuu mmoja, na mgeni aliyekuja kuchoma makaa hazijui au hujifanya hazijui. Ndiyo sababu habari ya Babati ina thamani ya pekee, kwa maana huko kanuni za wenyeji ziliingizwa katika sheria iliyoandikwa.

Duru-Haitemba ni msitu wa miombo wenye hekta zipatazo 9,000, juu ya vilima vya wilaya ya Babati, ambayo wakati huo ilikuwa katika mkoa wa Arusha na tangu 2002 imo katika mkoa wa Manyara. Unazungukwa na vijiji vinane, ambavyo wakazi wake wengi ni Wagorowa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kupima mipaka ili kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji walipinga. Habari ya kwamba msitu ungechukuliwa iliwapunguzia watu sababu ya kuutunza, maana nani hulinda mali ambayo kesho si yake? Baada ya mazungumzo, mwaka 1994 njia ikageuzwa: kila kijiji kikakabidhiwa sehemu yake ya msitu, kikachora mipaka yake na kutunga masharti yake. Yakakatazwa mambo ambayo wanavijiji wenyewe waliyaona kuwa ya kuangamiza, kama vile kuchoma mkaa, kufungua mashamba mapya na kuwasha moto msituni. Matumizi mengine yakaruhusiwa kwa kibali au bila kibali. Vijana wa kijiji wakawekwa kuwa walinzi. Hawakulipwa mshahara, bali waliachiliwa kazi za pamoja za kijiji.

Masharti hayo hayakuachwa kuwa maneno ya mkutanoni. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo hupata nguvu zikishakubaliwa na halmashauri ya wilaya. Njia hiyo ilifuatwa, na tangu 1995 aliyewasha moto Duru-Haitemba aliweza kutozwa faini na kijiji chenyewe, awe mwenyeji au mpita njia. Jaribio hilo la vijiji vinane lilikuwa mojawapo ya mifano iliyotangulia sera ya misitu ya Tanzania ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo inatambua hifadhi za misitu za vijiji.

Hapa pana jambo la kumzuia msomaji asikimbilie hitimisho. Babati waliukataza moto msituni, na katazo, ambalo Upemba lilishindwa, huko lilishika. Sababu moja ni ukubwa: Upemba ya mwaka 1939 iliuzidi msitu wa Duru-Haitemba karibu mara mia mbili. Msitu wa Babati unaonekana kutoka mlangoni mwa nyumba. Moshi ukipanda, hujulikana umepanda katika sehemu ya kijiji gani. Sababu nyingine ni kwamba aliyeuona moshi ndiye ambaye mizinga yake, malisho yake na chemchemi yake vilikuwa chini ya moshi huo. Katazo dogo lenye wenyewe linaweza kushika mahali ambapo katazo kubwa lisilo na mwenyewe haliwezi. Lakini katika nyanda kubwa za nyasi, kanuni ya wakati ndiyo inayobaki.

Lugha nayo ina sehemu yake katika jambo hili. Kiswahili kina vitenzi viwili viwili juu ya moto. Kuwaka, kuungua na kuteketea havimdai mtendaji: nyika imeungua, basi. Kuwasha, kuchoma na kuunguza vinamdai. Tangazo la kawaida husema kuwa ni marufuku kuchoma nyika, nalo huonekana limemtaja mtu, kumbe halikumtaja: kitenzi-jina hakina nafsi wala wakati. Sheria ndogo za vijiji vya Tanzania kwa desturi huanza kwa namna nyingine: mtu yeyote atakayewasha moto... Hapo nafsi ipo na wakati upo, na nafasi imeachwa ya kueleza mahali, mwezi na kibali. Tena ziliandikwa kwa lugha ambayo mkutano wa kijiji uliweza kuisoma, kuipinga na kuirekebisha.

Katika Kongo vyombo vya sheria havikosekani. Mkataba wa Algiers wa mwaka 1968 uliyataka mataifa ya Afrika yaangalie kwa namna ya pekee udhibiti wa moto wa nyika. Sheria ya misitu ilitolewa tarehe 29 Agosti 2002, na ile ya uhifadhi wa maumbile tarehe 11 Februari 2014. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 iliziruhusu jamii za wenyeji kupewa misitu yao, hadi hekta 50,000 kwa kila jamii na bila kikomo cha muda, mradi ziwe na mpango wa usimamizi. Kwa dekreti hiyo, jamii za nchi ya miombo ya Katanga ya Juu zinaweza leo kufanya kile ambacho vijiji vya Babati vilifanya mwaka 1994, na msitu unaowahusu ni ule ule unaoliwa kila mwaka na makaa ya jiji la Lubumbashi.

Sheria hizo zote zimeandikwa kwa Kifaransa. Mpango wa usimamizi ukiandikwa kwa Kifaransa peke yake, na mtaalamu aliyekuja kwa wiki mbili, kuna hatari kubwa kwamba sehemu ya moto itakuwa sentensi moja ya katazo, iliyonakiliwa kutoka mpango uliotangulia. Sehemu hiyo ingehitaji kurasa kadhaa. Nyasi za mlimani hukauka kabla ya zile za dambo, kwa hiyo tarehe moja haiwezi kutosha kwa ardhi yote ya jamii. Anayechoma shamba mwezi wa Oktoba ana haki ya kula, na lazima aambiwe ni upana gani wa kufyeka kuzunguka shamba na ni majirani gani wa kuwaita siku hiyo. Mchoma makaa aliyetoka mjini lazima ajue faini italipwa kwa nani. Na mkutano wa kuyapanga hayo lazima uitishwe mwezi wa Aprili, nyasi zikiwa bado mbichi, kwa sababu ufikapo Agosti walinzi watakuwa tayari wanafuata moshi.