Ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth

Ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth (kifupi: CMT) ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha neva za miguu na mikono. Jina limetokana na madaktari waliouelezea mwaka 1886: Jean-Martin Charcot na Pierre Marie wa Ufaransa, na Howard Henry Tooth wa Uingereza. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,500.

== Jinsi wayo unavyopinda ==
Neva ndefu huathirika kwanza, kwa hiyo dalili huanzia miguuni, mara nyingi utotoni au ujanani. Misuli ya mguu haidhoofiki yote kwa pamoja. Ule unaoinua wayo hulegea mapema, ilhali unaovuta chini upande wa kidole gumba hubaki na nguvu. Mvutano huo usio sawa ndio unaopinda wayo: upinde wa katikati huinuka kupita kiasi, kisigino hugeukia ndani, vidole hujikunja kama makucha. Uzito huangukia ukingo wa nje. Sugu hutokea na kifundo huteguka mara kwa mara. Mgonjwa huinua magoti juu ili vidole visijikwae, na katika njia za milimani, kama zile za wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, ni rahisi kwake kuanguka.

== Urithi ==
Aina ya kawaida zaidi, CMT1A, hutokana na kujirudia kwa kipande cha kromosomu ya 17 chenye jeni PMP22, jambo lililogunduliwa mwaka 1991. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Basi bibi, baba na mtoto wakiwa na nyayo za namna moja, si laana wala kurogwa.

Ni vizuri kutochanganya magonjwa. Mguu kifundo huonekana tangu kuzaliwa. Polio hupooza ghafla bila kuondoa hisi. Ukoma huleta mabaka yasiyo na hisi, nao una dawa ya kuuponya. Kutazama miguu ya wazazi husaidia sana.

== Matibabu ==
CMT haina tiba ya kuiponya. Mazoezi ya kunyoosha misuli, viatu vipana na vifaa vya kushikilia kifundo husaidia. Mafundi wa vifaa hivyo hufunzwa katika chuo cha TATCOT, Moshi, kilichoanza mwaka 1981. Wayo ukiwa bado unanyumbulika, daktari mpasuaji anaweza kuhamisha kano au kunyoosha mfupa wa kisigino. Ukishakakamaa, hulazimika kuunganisha viungo. Vinkristini, dawa ya saratani, inaweza kuzidisha ugonjwa huu ghafla, kwa hiyo daktari aelezwe mapema.