Siku ya Tatu Mpe Jembe: Makanisa ya London na Kazi ya Kuhuisha Usharika

Anayezungumzia Ukristo wa Uingereza mara nyingi huanza na makanisa yaliyouzwa na kugeuzwa nyumba za kupanga, kumbi za mazoezi na baa. Habari hizo ni za kweli, ila kwa London ni nusu tu ya habari. Sensa ya makanisa iliyoongozwa na Peter Brierley ilionyesha kwamba kati ya 2005 na 2012 wahudhuriaji wa ibada jijini humo waliongezeka kutoka kama 620,000 hadi kama 720,000, na makanisa yenyewe kutoka 4,100 hivi hadi 4,800 hivi. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo waliileta wahamiaji. Basi jiji hilohilo lina majengo makubwa yenye wazee wachache waliojikunja kwa baridi kwenye mabenchi ya mbele, na lina mamia ya waumini wanaoabudu ghalani kwa sababu hawana jengo.

Kwenye barabara ya Old Kent Road, kusini mwa mto Thames, hali hiyo inaonekana kwa macho. Ukiipita Jumapili asubuhi unakuta familia zilizovaa vizuri zikiingia kwenye maghala na vyumba vya juu ya maduka, watoto wakishikwa mikono, spika zikisikika hadi barabarani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Roehampton uliotoka 2013 ulihesabu makanisa 240 ya Waafrika na watu wa Karibi katika manispaa moja tu ya Southwark. Hapohapo katika manispaa hiyo zipo parishi za Kianglikana ambazo paa linavuja na sadaka haitoshi kulipa bili ya gesi. Mara nyingi kanisa la wahamiaji hukodi ukumbi wa kanisa la zamani kwa saa tatu za mchana, kisha hufungasha vyombo vyake na kuondoka.

Dhehebu linapotaka kuusaidia usharika unaofifia, linaupa nini hasa? Kila mapokeo yana jibu lake. Nimeyaweka majibu hayo pamoja kwa sababu naamini yakipimwa kwa kipimo kimoja, tutaona kwa nini baadhi ya misaada huzaa uhai na mingine huzaa taarifa za ofisini tu. Kipimo chenyewe wazee wetu walishatupa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Tuanze na Kanisa la Uingereza. Waanglikana wa London hutuma watu. Mwaka 1985 kanisa la Holy Trinity Brompton, lililoko upande wenye neema wa magharibi ya jiji, lilitoa kikundi cha waumini wake kwenda kuhuisha kanisa la St Barnabas, Kensington. Njia hiyo ilirudiwa mara nyingi. Mwaka 2005 kasisi Ric Thorpe aliongoza watu wapatao 100 kutoka Brompton hadi St Paul's, Shadwell, karibu na gati za zamani za mashariki ya London. Shadwell ilikuwa parishi ya mabaharia. Kapteni James Cook alimbatizia huko mtoto wake wa kwanza mwaka 1763. Kufikia mwanzo wa karne hii waumini walikuwa wachache mno, na mtaa unaolizunguka kanisa umejaa familia za Waislamu wenye asili ya Bangladeshi. Ndani ya miaka mitano Shadwell ilikuwa na nguvu ya kutuma vikundi vyake yenyewe kwenda All Hallows, Bow, na St Peter's, Bethnal Green.

Dayosisi haikukaa pembeni. Chini ya Askofu Richard Chartres, aliyeiongoza kuanzia 1995 hadi 2017, upandaji wa makanisa ulipewa baraka na nafasi. Cheo cha Askofu wa Islington, kilichokaa wazi tangu 1923, kilirudishwa 2015 na kukabidhiwa Thorpe ili asimamie kazi hiyo. Mwaka 2017 likaanzishwa shirika mahsusi, Church Revitalisation Trust, la kuandaa makasisi na vikundi vya kutumwa nchi nzima. Matunda yapo. Orodha za waumini wa dayosisi, zilizokuwa na watu kama 45,000 mwaka 1990, zilipita 70,000 miaka ishirini baadaye. Mtu anayelipenda Kanisa hawezi kudharau jambo hilo.

Lakini maswali nayo yapo. Agosti 2021, katika kanisa la St Bartholomew the Great, Smithfield, kasisi Marcus Walker na wenzake walizindua vuguvugu la Save the Parish, wakilalamika kwamba fedha zinaelekezwa kwenye miradi huku parishi za kawaida zikipunguziwa makasisi. Mwaka uliofuata, tume iliyoongozwa na Robert Chote ilichunguza mfuko wa kitaifa uliokuwa umegawa zaidi ya pauni milioni 170 tangu 2014. Ilikuta kwamba miradi ilitarajia kuleta wanafunzi wapya wa Yesu zaidi ya 89,000, ilhali waliothibitishwa hadi wakati huo walikuwa kama 12,700. Ni kweli miradi mingi ilikuwa haijaisha. Hata hivyo, pengo hilo linatufundisha kwamba roho ya usharika haipandi kwa kasi ya bajeti. Tena kikundi cha vijana wasomi mia moja kinapoingia penye wazee kumi na wawili, ni nani anayebaki mwenyeji? Wale kumi na wawili walikuwa wamelinda funguo, wamezika majirani, wameshona mapazia. Wakigeuzwa watazamaji katika kanisa lao wenyewe, hapo usharika umebadilishiwa wenyeji tu, haujahuishwa.

Wamethodisti wana njia tofauti: hugawana. Kwao kanisa la mtaa halisimami peke yake. Liko ndani ya saketi, yaani kundi la makanisa jirani yanayotumia wachungaji walewale na kuchangia mfuko mmoja, na mahubiri mengi hutolewa na wahubiri walei. Usharika ukidhoofika, wenzake hawaubebi kwa hisani, huubeba kwa katiba. Ukishindwa kabisa, huunganishwa na mwingine. Mfano mzuri uko City Road, kwenye kanisa alilolifungua John Wesley mwaka 1778. Leysian Mission, huduma iliyoanzishwa 1886 kwa ajili ya maskini wa mashariki ya London na iliyokuwa na jengo la fahari Old Street, iliunganishwa na kanisa hilo mwaka 1989. Jengo la Old Street siku hizi ni nyumba za watu, lakini kazi na jina vilihamia kwa Wesley, ambako leo mabenchi yamejaa watu wa mataifa mengi, wakiwamo Waafrika waliolelewa katika Umethodisti kwao.

Uzuri wa njia hii ni haki: hakuna usharika unaoachwa ufe peke yake kwa sababu ni maskini. Udhaifu wake ni kwamba inajua sana kuunganisha na kufunga kwa utaratibu, kuliko inavyojua kuanza upya. Kikao cha saketi kinaweza kutumia miaka mingi kugawana upungufu.

Makanisa ya Kipentekoste kutoka Afrika yamekwepa tatizo hilo kwa kutohuisha kabisa. Redeemed Christian Church of God, lenye makao yake Nigeria, limejiwekea lengo la kuwa na kanisa ndani ya mwendo wa dakika tano kwa mguu katika miji ya nchi zinazoendelea, na dakika tano kwa gari katika nchi zilizoendelea. Linaanza upya kila mahali, na Jesus House huko Brent Cross ni ushahidi wa nguvu hiyo. Ila asiyeurithi usharika wa zamani hapati pia kumbukumbu yake, na mara nyingi hapati majirani zake Waingereza.

Walutheri wa London ni wachache, na uchache umewafundisha kitu ambacho makanisa makubwa yamechelewa kujifunza. Kanisa la Kilutheri la Uingereza lilijengwa na wakimbizi na wageni. St Anne and St Agnes, kanisa la Christopher Wren lililoharibiwa kwa mabomu ya vita, lilikarabatiwa na kukabidhiwa Walutheri mwaka 1966, na humo waliabudu Walatvia na Waestonia waliokuwa wamepoteza nchi zao. Usharika wa St Anne's ulihamia 2013 katika kanisa la Kianglikana la St Mary-at-Hill, karibu na mnara wa Monument. Katika maisha ya usharika huu muziki wa Bach umekaa pamoja na ibada ya Kiswahili, kwa sababu Watanzania waliolelewa na KKKT, mojawapo ya makanisa makubwa ya Kilutheri duniani, walifika na kupokelewa kama watu wa nyumbani. Kiswahili kinahesabiwa miongoni mwa lugha za ibada za kanisa hilo, sambamba na Kichina, Kipolandi na Kiamhari. Na mwaka 2009, Jana Jeruma-Grinberga, mzaliwa wa familia ya Kilatvia, aliwekwa wakfu kuwa askofu wake, mwanamke wa kwanza kushika uaskofu nchini Uingereza. Kanisa la wakimbizi lilimpa mtoto wa wakimbizi fimbo ya kichungaji.

Sasa tugeukie kwetu. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 haukuwa na ofisi wala mfuko. Mganda Simeoni Nsibambi na Joe Church, daktari mmisionari wa Gahini, walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo moto uliwashika wakulima, wauguzi na akina mama. Ndugu hao walitubu hadharani, wakarudisha vitu vilivyoibwa, wakakutana kila juma. Wengi wao hawakulikimbia kanisa; walibaki ndani yake na kulisumbua kutoka ndani, ingawa baadhi waligeuka wakali kwa wasioongea lugha yao ya wokovu. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa AMECEA, muungano wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikubaliana mwaka 1976 kuifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Leo nchini Tanzania familia jirani husoma Injili nyumbani kwa zamu, huchangia msiba na kumtembelea mgonjwa. Anayetaka kubatiza mtoto ataulizwa kwanza jumuiya yake. Hapa uongozi wa juu ulifanya jambo la busara: uliagiza, kisha ukaiacha kazi mikononi mwa watu.

Mapokeo haya mawili, ya London na ya kwetu, yalikutana Tulse Hill, kusini mwa London. John Sentamu, aliyeikimbia Uganda ya Idi Amin mwaka 1974, alikulia katika kanisa ambalo Uamsho ulikuwa umelichonga. Dayosisi ya Southwark ilimkabidhi parishi ya Holy Trinity, Tulse Hill, jirani na Brixton, miaka michache tu baada ya ghasia za Brixton za 1981. Alikaa hapo hadi 1996, na usharika uliokuwa dhaifu ukakua ukiwa wa weusi na weupe pamoja. Baadaye akawa Askofu wa Stepney, eneo linaloijumuisha Shadwell, na mwaka 2005 Askofu Mkuu wa York. Dayosisi haikuleta kikundi cha watu mia. Ilimwamini mgeni, ikampa madaraka, na yeye akakaa zaidi ya miaka kumi.

Ukiyalinganisha yote, fedha na mipango vinasaidia, ila havitofautishi usharika uliofufuka na uliopakwa rangi. Tofauti iko kwenye baraza la kanisa: nani anakaa pale, nani anashika funguo na hesabu, nani anapanga ibada. Watu wa Karibi waliofika London baada ya 1948 wakiwa Waanglikana waliobatizwa walipokelewa kwa ubaridi katika parishi nyingi, na Sinodi Kuu iliomba radhi kwa ubaguzi huo Februari 2020. Radhi ni mwanzo. Kanisa lililowanyima jembe watu hao lilipoteza vizazi viwili vya wakulima, kisha likaanzisha mifuko ya kutafuta vibarua.

Hivyo ofisi yoyote ya dhehebu inayotaka kuhuisha usharika wa London ianze na kazi zisizogharimu mamilioni. Iwasikilize wazee waliobaki kabla ya kutuma kikundi. Imwangalie mpangaji wa saa tatu za mchana na kumwuliza kama angependa kuwa mwenyeji, mwenye kiti barazani na kura mkononi. Imtume mchungaji atakayekaa muda wa kutosha kubatiza mtoto na kumwona akipata kipaimara. Na pale ambapo Waafrika Mashariki ndio wanaojaza mabenchi, ijifunze kwao namna kanisa linavyojengwa sebuleni, kwa zamu, kwa kutembeleana. Msaada unaomwacha mgeni kuwa mgeni utahesabiwa katika taarifa ya mwaka. Unaomfanya mwenyeji utahesabiwa na wajukuu.