Trauti wa Nyandarua na vita vya kulinda yai

Trauti anayevuliwa katika Mto Mathioya, katika milima ya Nyandarua juu ya Kangema, si samaki wa asili ya Murang'a. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, ili kupandikiza samaki hao katika Mto Gura, upande wa Nyeri. Trauti wa upinde wa mvua walifuata baadaye kutoka Afrika Kusini.

Njia ya kusafirisha mayai ilikuwa imegunduliwa zamani. Mwaka 1864 meli ya Norfolk ilitoka Uingereza na mayai ya trauti yaliyohifadhiwa kwa barafu, na baada ya takriban miezi mitatu yakafika Tasmania yakiwa hai. Baridi ilichelewesha kukua kwa kijusi, ikachelewesha pia ukungu.

Ukungu huo ndio adui mkubwa wa kila anayetotolesha samaki, awe na bwawa au tangi la kioo sebuleni. Wataalamu huuita Saprolegnia, na siku hizi hawauweki tena katika jamii ya kuvu halisi. Ndugu yake wa karibu ni baa linalounguza majani ya waru, balaa ambalo mkulima wa Nyandarua hahitaji kuelezwa.

Ukungu wa samaki hauanzi kwa yai zima. Tazama trei ya mayai: yaliyo hai yana rangi ya chungwa na yanapenyeza mwanga. Moja likifa hugeuka jeupe kama maziwa, kisha huota nyuzi mithili ya pamba. Nyuzi hizo hushika yai la jirani na kulinyima hewa, halafu jingine, hadi fungu zima linashikamana. Katika maji ya nyuzi 10, yai la trauti wa upinde wa mvua huchukua karibu mwezi mmoja kuanguliwa. Baridi ile ile anayoipenda trauti huupa ukungu muda mrefu wa kufanya kazi. Mayai ya kambare katika maji ya uvuguvugu huanguliwa kwa siku moja au mbili tu.

Kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilianzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya samaki wa maji baridi, na kile cha Sagana kwa wale wa maji ya joto. Wakati huo dawa iliyosifiwa duniani ilikuwa malakaiti ya kijani, rangi ya kutia nguo ambayo watafiti wa Marekani waliitangaza mwaka 1936 kuwa inaua ukungu wa samaki. Ilifanya kazi vizuri mno. Lakini mabaki yake hukaa ndani ya nyama na hushukiwa kuleta saratani, ndiyo maana Marekani na Umoja wa Ulaya hawairuhusu kwa samaki wa kuliwa. Wafugaji wa samaki wa mapambo hupendelea methilini ya buluu. Vituo vya trauti hutumia fomalini, sehemu 1 kwa maji sehemu 600, kwa dakika 15. Fomalini nayo huchoma macho na mapafu ya anayeishika, kwa hiyo asiye na glavu na mahali penye hewa asiiguse.

Kwangu mimi, kazi ya mkono inabaki mbele ya dawa zote: maji safi yanayotiririka, na kibanio cha kuondoa mayai meupe. Ila mayai machanga hayavumilii kutikiswa. Mtotoleshaji husubiri hadi vitone viwili vyeusi vya macho vionekane ndani ya yai, ndipo aanze kuyachambua moja baada ya jingine.